Kijiko Kimoja Kabla ya Chakula

Sehemu ya Sita

Anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza asihangaike kutafuta magazeti ya wiki zilizopita. Baba yangu, Amos Stroud, fundi wa matandiko ya farasi katika mji wa Wexley, Ohio, alikunywa wiski kwa miaka kumi na mitano. Katika miaka hiyo tulipoteza shamba, tukampoteza mdogo wangu Lucius, na mama yangu akapoteza meno mawili ya mbele. Kisha baba akatia sahihi kadi ya ahadi ya kutokunywa tena, akaacha. Nilipoweka kalamu chini wiki iliyopita alikuwa ametimiza miaka miwili bila kuonja, nami niliwaandikia kwamba nyumba yetu imepona.

Niliwadanganya. Sikujua kuwa nadanganya, lakini ujinga wa mwongo haupunguzi uongo wenyewe.

Leo naungama lililo langu.

Mama yangu, Keziah, alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa mji wetu, wale wanaovaa utepe mweupe kifuani kuonyesha kwamba hawanywi kileo wala hawampi mtu. Kila majira ya baridi, kabla watu hawajapiga kura ya kufunga baa au kuziacha, Umoja uliandaa mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa mji. Mchezo ulikuwa ule ule: mlevi, mke wake, mtoto anayekufa kwa baridi, na toba katika sehemu ya mwisho.

Mke wa mlevi alikuwa mama, mwaka hadi mwaka. Hakuwa akiigiza. Alikuwa akikumbuka. Wanaume wazima walitoka ukumbini wameshusha kofia hadi kwenye nyusi, wakaenda moja kwa moja kwenye meza ya mlangoni kutia sahihi kadi zao.

Baba alipoacha pombe, mama ndiye aliyeanguka. Ni kana kwamba alikuwa amejizuia miaka yote kuugua, akasubiri zamu yake. Mikono ilimtetemeka, usingizi ukamhama. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu iliyochoka, apumzike.

Ndipo ilipoingia nyumbani Dawa ya Nguvu ya Bibi Amity. Chupa ilikuwa na picha ya bibi kizee mwenye kofia ya kitambaa, na chini yake maelekezo: kijiko kimoja kabla ya chakula. Chini zaidi paliandikwa kwamba ni mizizi na majani ya msituni tu, haina kileo. Mama aliusoma mstari huo mara mbili kabla ya kuvuta kizibo.

Baada ya wiki moja alilala. Baada ya mwezi alikuwa akiimba jikoni.

Watengenezaji wa dawa ile walikuwa na desturi ya kuwaomba waliopona waandike barua za ushuhuda. Mama hakuwa mtu wa kalamu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nimekwisha kukubaliwa chuo kikuu, na nilikuwa nimelewa sauti ya sentensi zangu mwenyewe. Niliketi mezani nikaandika kwa jina lake: "Mimi, niliyeipinga pombe maisha yangu yote, nashuhudia mbele ya Mungu na mbele ya kila mwanamke mwenye uchungu..."

Mama alitia sahihi. Barua ikachapishwa pamoja na picha yake katika magazeti ya jimbo zima. Kila mwezi lilikuja kasha la chupa, zawadi kwa mama. Na wanawake wa Wexley wakaanza kuinunua, maana kama Dada Keziah anaitumia, basi ni safi.

Barua ile ni yangu, kila neno lake. Sasa nisikilizeni ilikonifikisha.

*

Mwezi wa Februari nilirudi kutoka chuoni kwa ajili ya mazoezi ya mchezo. Jumamosi alasiri ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini. Baba alikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye kamba ya pazia. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa tangu aache, na aliifanya kama anayeshika kengele ya kanisa.

Mama aliruka kutoka sehemu ya kwanza hadi ya tatu. Akapiga magoti akaanza kumlilia mtoto ambaye bado hajaugua.

Binti wa miaka tisa aliyeigiza mtoto huyo akasubiri kwa adabu, kisha akamwambia kwa sauti ndogo, "Bi Keziah, mimi bado sijafa."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akaendelea kucheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Kisha akarudi nyuma kukaa kwenye kiti ambacho hakikuwapo. Baba alimdaka kabla hajafika chini.

Bi Hepzibah Crane, katibu wa Umoja, mjane mwenye mgongo ulionyooka kama rula, aliinama kumsaidia. Alipoinuka, matundu ya pua yake yalikuwa yametanuka kwa kunusa. Alimtazama baba, ambaye mikono yake bado ilikuwa imemzunguka mama.

Mama alipopelekwa nyumbani, Bi Hepzibah alinivuta kando.

"Philena, pua yangu haijawahi kunidanganya. Mume wangu alizikwa na harufu hiyo."

Aliniambia kwamba kamati itaketi Jumamosi ijayo. Hii ilikuwa desturi yetu: mwenye ahadi akishukiwa, huitwa mbele ya wanachama wote, huulizwa mara moja kama ameonja au hajaonja, na anachojibu ndicho kinachoandikwa. Aliomba nisimwambie mama mpaka siku ifike, kwa sababu ya afya yake. Nikakubali. Sikuuliza hata swali moja. Mtoto wa mlevi haulizi. Huwa anangoja tu.

Nilikwenda karakanani kwa baba nikaanza kupekua. Nilitazama chini ya majani makavu, ndani ya mifuko ya ngozi, nyuma ya matandiko yaliyotundikwa. Baba aliendelea kushona mkanda wa farasi, bila kunizuia.

"Kuna pembe nyuma ya jiko hujaifikia," alisema hatimaye. "Zamani nilikuwa naficha huko. Ungeanzia hapo ungeokoa muda."

"Baba, harufu ilikuwapo."

"Ilikuwapo. Mimi nilikuwa karibu kuliko Hepzibah." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Sasa ilitoka kwa nani, mwanachuo? Pua unayo, au umeiweka rehani huko chuoni?"

Sikuelewa. Au nilielewa, nikakataa kuelewa.

Akaweka kazi chini. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa farasi. Kwamba mama hulala tena saa nne asubuhi. Kwamba huamka na hasira, kisha huomba radhi mno. Kwamba chupa mbili zinakwisha kwa siku, na chupa tupu huzifukia ndani ya pipa la unga.

"Nani amemkataza dawa yake?" baba aliuliza. "Hakuna. Basi anamficha nani? Mtu hafichi dawa, mwanangu. Na ile mikono yake naijua. Niliivaa mimi miaka kumi na mitano."

Nilimjibu neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia kwamba mlevi hapati raha mpaka kila mtu afanane naye.

Baba alichukua sindano yake ya ngozi, akaipitisha taratibu.

"Mna vyombo huko chuoni," alisema. "Chukua chupa moja, nenda ukamwite baba yako mwongo kwa vyombo. Kwa mdomo wamekwisha kuniita wengi."

Nilipofika mlangoni nilimwuliza, ikiwa aliamini hayo, kwa nini alikaa kimya tangu mavuno.

"Ningemwambia nani? Amos Stroud asimame mbele ya Wexley aseme Keziah analewa?" Alitabasamu kidogo. "Hata mimi nisingemwamini."

*

Niliichukua chupa ili nimshinde baba. Nataka hilo lieleweke. Sikwenda maabarani kutafuta ukweli.

Darasa letu la kemia lilikuwa na wanaume kumi na mmoja na mimi. Jumatatu mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilimimina dawa ya Bibi Amity kwenye chombo, nikaiweka juu ya moto mdogo, nikaikeneka, mvuke wake ukipoa kuwa matone. Matone ya kwanza yalikuwa meupe kama maji. Niliyapokea katika kisosi, nikawasha kiberiti.

Yakawaka. Moto wa samawati, mdogo, usio na sauti.

Nilirudia mara tatu. Nikapima, nikapima tena. Katika kila sehemu tano za dawa ile, moja ilikuwa pombe tupu. Bia inayouzwa baa haifikii robo ya hapo. Profesa wangu alikuja akasimama nyuma yangu, akanusa, akasema kwa upole kwamba nimemletea brandi, tena mbaya. Nikamwomba atie sahihi kwenye karatasi ya majibu. Alitia, bila kuuliza dawa ni ya nani.

Mama yangu, aliyeishi miaka arobaini na sita bila kuonja hata divai ya arusi yake, alikuwa akinywa kila siku kiasi ambacho kingemwangusha mchukuzi wa reli. Na mimi ndiye niliyeuambia ulimwengu kwamba ni dawa safi.

Jumamosi nilishuka kwenye gari moshi nikaenda moja kwa moja ukumbini, karatasi ikiwa ndani ya mkono wa gauni langu. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima: nitasimama, nitasoma, nitamtetea baba, kisha nitamshika mama mkono tutoke pamoja.

Mabenchi yalijaa. Mama, aliyeambiwa asubuhi ile, alikuwa amempisha Bi Hepzibah kwenye kiti cha mwenyekiti kwa kuwa mshitakiwa ni mumewe. Aliketi mstari wa mbele, nadhifu, mashavu mekundu, mkono mmoja umeshika benchi kana kwamba benchi litaondoka.

Bi Hepzibah alisoma shitaka: harufu ya kileo, ukumbini, tarehe fulani, mbele ya mashahidi. Kisha akaondoa miwani.

"Ndugu Amos, umeonja au hujaonja?"

Baba hakumtazama. Alinitafuta mimi kati ya watu, akanipata, akasoma usoni pangu kile ambacho vyombo vilisema. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayepokea habari ya msiba alioutarajia. Kisha akamgeukia mama.

Mama alikuwa akimtazama kwa huruma ile ya zamani, huruma ya mwanamke anayejua mwisho wa hadithi.

"Nimeonja," alisema baba.

Mabenchi yalilia tu, kama miti inapoegemewa na upepo.

Nilikuwa na karatasi. Hatua sita zilinitenganisha na meza. Nimekuwa nikiwaeleza watu kwamba wakati ule nilifikiria kura, iliyobaki majuma sita. Kwamba niliwafikiria wale wanawake wote wenye chupa kabatini. Kwamba nililifikiria jina la mama. Ni mambo ya heshima, na kweli niliyafikiria, baadaye. La kwanza lililonijia lilikuwa hili: watauliza nani aliandika barua ile.

Nilinyamaza.

Walilifuta jina la baba katika daftari la ahadi kwa rula na wino mwekundu. Utepe mweupe aliopewa siku ya ahadi aliutoa mwenyewe, kwa kuwa vidole vya Bi Hepzibah vilishindwa kufungua pini. Jioni ile mama alimwomba, bila ukali, alale karakanani.

*

Jumapili, baada ya kanisa, tuliketi wawili kwenye mkate wa mahindi na maharage. Baba hakuwapo, na sahani yake nilikuwa nimeiweka kwa mazoea. Niliitazama sahani ile mpaka maharage yangu yakapoa. Nikatoa karatasi, nikaiweka kando ya kikombe cha mama.

Aliisoma akacheka. Aliisoma tena. Akaniuliza kama profesa huyo ni mtu wa kunywa. Nikamwambia hapana, na kwamba mikono iliyopima ilikuwa yangu.

Aliikunja karatasi katikati.

"Baba yako anajua?"

"Alijua kabla yangu, mama."

"Na bado alisimama pale akasema ameonja."

"Ndiyo."

Mama aliinuka. Alitoa chupa kabatini, akatoa nyingine kwenye pipa la unga, chini ya kinanda, ndani ya buti za Lucius ambazo hatukuwahi kuzigawa. Nilihesabu kumi na nne. Alizibeba kwa aproni hadi uani, akavuta vizibo kimoja kimoja, akamwaga. Theluji ikageuka rangi ya kahawa, ikazama.

Nilimsihi angalau tumwite baba. Akakataa, alisema hatamtazama usoni mpaka awe safi. Atasimama mbele ya Umoja aseme yote kwa kinywa chake, amrudishie utepe wake. Lakini kwanza ataacha.

"Sijawahi kuvunja ahadi," alisema, "na sitaanza kwa kuivunja polepole."

Moyo wangu ulijaa fahari. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo mchezo wetu ulivyofundisha kila mwaka: mtu huinuka, huivunja chupa, huwa mpya. Sikurudi chuoni kesho yake. Nilitaka kuwapo nimshuhudie mama akiwa mpya.

Jumatatu hakuweza kushika kikombe. Tulisema ni baridi.

Usiku hakulala, na Jumanne asubuhi shuka zililowa jasho kama zimetoka kufuliwa. Alikuwa akichuma wadudu wasioonekana kwenye blanketi, akiniomba nimsaidie kwa kuwa ni wengi. Kisha akaanza kuzungumza na Lucius. Alimwambia afunge mlango, afute miguu, aingie, baridi itamuua.

Nilimtuma jirani akamwite daktari. Jibu likarudi kwamba daktari yuko ng'ambo ya mto kwa mwanamke anayejifungua, na barafu imezuia kivuko.

Adhuhuri mwili wa mama ulikakamaa ghafla. Macho yaligeuka meupe, taya ikafunga, damu ikatoka pembeni mwa kinywa. Ilidumu muda wa kusoma Baba Yetu mara moja. Niliisoma, ndiyo maana najua.

Alipolegea akipumua, nilikimbilia karakanani bila shali.

Baba aliponiona hakuuliza nini. Aliuliza lini.

"Ameacha lini?"

"Jumapili."

"Yote?"

"Yote. Amemwaga yote."

Aliketi juu ya gogo lake la kazi. Baba yangu nimemwona amelewa, amefungwa, amepigwa, amedhalilishwa. Sikuwahi kumwona ameogopa hadi saa ile.

Aliniambia habari ya mtu aliyekuwa chumba cha jirani katika jela ya kaunti, seremala, mtu wa miraba minne. Walinzi walisema atapona akinyimwa. Siku ya tatu alikufa akitetemeka, meno yamevunjikia mdomoni.

"Lakini wewe uliacha kwa siku moja," nilisema. "Kwa sala moja, jukwaani, mbele ya watu."

"Jukwaani nilitia sahihi. Baada ya hapo daktari alinifungia nyumbani kwake siku tisa, ninyi mkiambiwa nipo maombini, akanipunguzia kijiko kwa kijiko. Umoja ulipenda zaidi ile ya sala." Alikuwa tayari anavaa koti. "Nami nilikuwa na deni la shukrani kwao, nikawaacha waseme."

Wasomaji wangu, katika sehemu ya nne niliwaandikia habari ya sala ile. Niliandika kwamba pombe ilimtoka baba kama pepo. Kama kuna nyumba ambamo mtu amenyang'anywa chupa yake ghafla kwa sababu ya maneno yangu, msingoje kumaliza ukurasa huu. Mwiteni daktari.

Nilimwambia baba niende kwa muuza dawa nikalete ya Bibi Amity. Akakataa. Alisema wiski anakijua kipimo chake, lakini ya bibi kizee hajui wamechanganya nini.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilirudi kwa mama, nikasimama dirishani kando ya kitanda nikimshika mkono, na kutoka pale nilimwona baba akivuka barabara kuu, akaingia baa. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka miwili. Kibaraza cha Bi Hepzibah kinatazamana na mlango ule.

Alitoka upesi. Hakuificha chupa ndani ya koti kama wafanyavyo wengine. Aliishika shingoni, mbali na mwili wake, akatembea katikati ya barabara. Bi Hepzibah alikuwa amesimama kibarazani na ufagio. Baba akamvulia kofia. Bi Hepzibah akaweka ufagio chini, akaingia ndani kuchukua shali yake.

Baba alipanda ngazi, akanipa chupa.

"Tazama lakiri."

Niliitazama.

"Sema kwa sauti."

"Ni nzima, baba. Haijaguswa."

"Vizuri. Fungua wewe. Mimi nitashika kijiko. Na chupa hiyo usiiache mkononi mwangu hata ukisikia nyumba inaungua."

Nilivuta kizibo. Harufu ilipotoka, baba aligeuza uso ukutani, akapumua kwa mdomo kama mtu anayepita kwenye moshi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Lakini kijiko alikishika sawa.

Mama alifumbua macho. Yalikuwa macho yake, yenye akili zote ndani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alinusa. Akauona mkono wa baba ukimjia, akaziba kinywa kwa kiganja.

"Amos," alisema nyuma ya kiganja. "Umeileta mpaka kitandani kwangu."

Baba alimweleza kwa maneno machache. Kijiko sasa, kingine baada ya saa moja, kesho pungufu ya leo, mpaka daktari afike. Ndivyo alivyofanyiwa yeye. Asipofanya hivyo, mshtuko wa pili unaweza kuwa wa mwisho.

"Nimetia sahihi."

"Najua, Kez. Na mimi nilitia."

"Wewe ulisimama ukasema umeonja."

"Nilisema uongo."

"Basi unajua kusema uongo." Hakusema kwa ukatili, alisema kama anayepanga hoja zake kwa shida, moja juu ya nyingine, kabla hazijamporomokea. "Afadhali nife nikiwa na jina langu."

Baba alishusha kijiko. Nilimwona akikitazama kile kijiko, kilichojaa, karibu na kinywa chake mwenyewe, kisha akanipa nikishike.

Chini mlango wa mbele ulifunguliwa. Nilisikia sauti ya Bi Hepzibah ikiuliza kama kuna mtu, na viatu vya wanawake kadhaa vikianza kupanda ngazi.

Mama alinigeukia. Alikiondoa kiganja kinywani, akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Philena," alisema. "Wewe hujawahi kunidanganya. Wewe ndiye mwenye vyombo. Ukisema ni dawa, nitameza. Ukisema ni pombe, sitameza, na baba yako asinilazimishe. Hiki kilicho mkononi mwako ni nini?"

Viatu vilifika juu, vikasimama. Bi Hepzibah alikuwa mlangoni, na nyuma yake wanawake wanne wa utepe mweupe, wote wakinitazama, na macho yao yakishuka kwenye chupa na kijiko, vyote viwili mikononi mwangu. Baba hakujitetea. Aliweka tu kiganja chake nyuma ya kichwa cha mama, akakiinua, tayari.

Nilihisi vidole vya mama vikianza kukakamaa kwenye mkono wangu, kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo.

Nikafumbua kinywa nimjibu.